Kitufe cha Mzungu

Mteja akiingia dukani kwa Zedekiah kwa mara ya kwanza, alidhani kuna Mzungu amefichwa chini ya meza. Sauti ilikuwa ya mwanamume, ya puani, na ilisoma Kiswahili kwa namna ya kumwonea mtu huruma. "Mume" ilikuwa "miumu." "Wake" ilikuwa "weik." Jina la marehemu likipita kwenye mdomo ule, hata mama yake mzazi asingelitambua. Watu waliokuja pale wakilia, wanataka programu ya mazishi ichapwe haraka, walijikuta wanacheka na machozi bado yako mashavuni.

Hakukuwa na mtu yeyote. Kilikuwa kisanduku cheusi, ukubwa wa nusu mkate, kimeunganishwa kwa waya na kompyuta ya zamani, na kazi yake ilikuwa kumsomea Kavinya yaliyoandikwa kwenye skrini. Kavinya alikuwa haoni, wala hajawahi kuona. Kisanduku aliachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyemfundisha kompyuta, muda wake ukaisha akarudi kwao. Dukani wote wakakiita Mzungu. Asubuhi Adhiambo, mwenzake wa kazi, hakuuliza habari ya nyumbani kabla ya kuuliza kama Mzungu ameamka.

Na tafadhali msimwonee dada wa watu huruma mapema hii, hakuwa na haja nayo. Jogoo Road nzima, hapa Nairobi, hakuna aliyepiga taipu kama yeye. Kwenye pembe ya kibodi kulikuwa na kitufe kimoja, na hicho ndicho walichokiita kitufe cha Mzungu, maana ukikibonyeza, Mzungu anakusomea mstari ulipo. Kavinya alikibonyeza baada ya kila sentensi, pengine baada ya kila jina, bila kufikiri, kama unavyogusa mfuko kuhakikisha ufunguo upo. Mzungu alisema "Mathika," yeye akajua ni Matheka, imeandikwa sawa, twende mbele. Waliishi hivyo miaka minne bila ugomvi.

Kabla ya hapo alikaa kwa kaka yake. Mke wa kaka, jina lake Wangu, hakuwa mtu wa kupiga wala wa kunyima chakula, lazima tuseme haki. Ila wageni wakija aliwatambulisha watu wote waliomo sebuleni, mmoja mmoja, hadi mtoto mchanga na paka, kisha akauliza nani anataka chai. Kavinya alikuwa pale pale kwenye kiti chake kando ya kabati, mikono mapajani. Hakutajwa. Mgeni alikunywa chai akaondoka, na kama aliuliza yule ni nani, aliuliza akiwa nje. Kazi ya Zedekiah ndiyo iliyomtoa kwenye kiti kile ikamweka kwenye chumba chake mwenyewe mtaani Mbotela, chumba chenye kufuli lake na majirani wanaomwita kwa jina. Kwa hiyo mkisikia alivyoihangaikia kazi ile, mjue ni kiti kile alichokuwa anakikimbia.

Sasa, mwaka wa tisini na saba, watu wakaanza kutaka picha. Programu ya mazishi bila picha ya marehemu kwenye jalada ikawa aibu, na mashine ya zamani haikujua picha ni nini. Zedekiah akairudisha kwa muuzaji, akaletewa mbili mpya za Windows, zenye mausi na rangi. Ondiek, fundi aliyezileta, alizifunga huku anapiga mluzi. Akachukua waya wa Mzungu, akauchomeka, akabonyeza hiki na kile. Mzungu alikohoa mara moja, halafu kimya. Programu iliyomfanya aseme ilikuwa ya mashine za kale, na kwenye hizi mpya ilikuwa haina pa kushika. Zipo za Windows, Ondiek alieleza, lakini zinauzwa ng'ambo, na bei yake unanunua kompyuta nyingine na chenji inabaki.

Kavinya aliuliza kama basi hiyo mpya haiwezi kusema yenyewe. Ina spika, ameisikia ikipiga kinanda ilipowashwa. Inashindwaje kusema?

"Ngoja kwanza, usistress," Ondiek akasema. "Hii imekam na kila kitu ndani. Kuna mahali pa walemavu, nimeona ile picha ya kiti cha magurudumu."

Jamani, moyo wa binadamu. Kavinya alishika ukingo wa meza. Adhiambo akaacha kukunja karatasi akasogea. Mahali pa walemavu, palipojengwa ndani ya mashine huko ilikotoka, na mtu ambaye alikaa chini akawafikiria. Ondiek akafungua akaanza kusoma. Kuna ya mtu asiyesikia: badala ya mlio, skrini inawakawaka. Kuna ya mtu wa mkono mmoja. Kuna ya mtu anayetetemeka vidole. Kuna ya mtu anayeona kidogo: maandishi yanakuwa makubwa, meupe juu ya weusi. Kuna kengele ndogo inayolia ukibonyeza kitufe cha herufi kubwa, kwa anayekigusa bila kukusudia. Akaishia hapo.

Kavinya alimwambia aendelee. Ondiek akasema zimeisha. Akaombwa asome tena, akasoma tena, polepole safari hii na bila mluzi, kwa sababu sasa naye alikuwa ameona.

"Na mimi?" Kavinya akauliza.

Ondiek akaachia mausi. Iliuma, na sitaizunguka. Kukosa mahali pa walemavu kabisa kungekuwa afadhali, ungesema watu wale hawakuwaza. Lakini waliwaza. Walikaa wakawahesabu wenye shida, huyu na huyu na huyu, wakafika mwisho wa orodha wakafunga, na yeye yuko pale pale kando ya kabati. Ondiek, kwa aibu, akaiwasha ile kengele ya herufi kubwa, angalau mashine imtolee sauti moja. Ikawa hiyo tu. Tii ukiwasha, tuu ukizima.

Zedekiah hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu mtu mbaya unamchukia unapumzika. Alimwita Kavinya pembeni akamweleza kwa upole kwamba hawezi kulipa watu wawili kwa kazi ya mmoja. Adhiambo akimsomea yeye, nani atakunja, nani atakata? Akampa hadi mwisho wa mwezi. Akiweza kuifanya kazi ya mteja mwanzo mpaka mwisho bila kuazima macho ya mtu, abaki. Asipoweza, basi, dada, utanisamehe.

Mwezi ule Kavinya alikonda. Alimfanya Adhiambo amweleze kila kitu kilichomo kwenye skrini, kiko wapi na kinafunguliwa kwa vitufe gani, akakariri kama mtoto wa katekisimu. Alijifunza kwamba kuna wakati mashine inauliza swali kwa maandishi na kungoja, na wewe hujui kama umeulizwa, unapiga taipu na maneno yako yanamwagika hewani. Siku ya kwanza aliandika wasifu mzima wa bibi mmoja wa Makadara, akamaliza, akamwita Adhiambo kwa furaha. Adhiambo akatazama. Skrini ilikuwa na swali tu, likingoja jibu tangu asubuhi, na wasifu haukuwepo hata herufi moja. Kavinya aliingia chooni akalia huko, akanawa, akarudi akaanza upya.

Vidole vilikuwa havikosei. Tatizo lilikuwa kutojua. Fikiria unazungumza na mtu mchana kutwa, hujui kama yuko chumbani au alishatoka. Na kile kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kilikataa kabisa kuelewa kwamba Mzungu amekufa. Kila baada ya sentensi kilitaka kwenda kwenye pembe ileile kuuliza. Alikikemea. Kuna siku alikifunga na kitambaa, Adhiambo akamcheka mpaka akakaa chini. Hata hivyo wiki ya tatu alikuwa anaandika kurasa safi, Adhiambo akizisoma mwishoni tu, na kosa lilikuwa moja au halipo.

Ndipo ikaja kazi ya Matheka. Matheka alikuwa mchongaji wa vinyago, anaishi Huruma, alipata homa Jumatatu, Alhamisi hayupo. Mjane wake, Teresiah Ndinda, aliyeitwa pia Mama Koki kwa jina la mtoto wake, alikuja mwenyewe na picha na maelezo, mwanamke wa sauti ya chini, aliyepoteza nguvu za kulia. Kavinya aliandika, Adhiambo akamsomea, Mama Koki akasikiliza hadi mwisho akasema ni sawa. Ukurasa wa wasifu ulianza na kuzaliwa kwa Matheka. Fungu la pili lilianza hivi: Mume wa Teresiah Ndinda wa Huruma. Baba wa Koki na Nzivo. Nakala ile ikawekwa kwenye diski, ikabaki kuchapa Ijumaa ya wiki iliyofuata, siku ya safari ya mazishi.

Ijumaa asubuhi Zedekiah yuko mjini kutafuta wino, Adhiambo amepeleka karatasi kukatwa. Akaingia mzee mmoja anayehema. Alijitambulisha kuwa Nahashon Muoki, fundi wa akala, viatu vya matairi, sokoni Kariokor, kaka mkubwa wa marehemu, na kwamba basi la mazishi la kwenda kwao Mwala limeshawasha injini. Amesikia jana usiku kwamba jina lake halimo. Kaka wa pekee, baba mmoja mama mmoja, hayumo. Aliomba sana, sauti ikimkatika, atiwe hata kwa sentensi moja, pale mwanzo wanapoanza kutajwa watu, yeye ndiye mkubwa.

Kavinya angemwambia angoje Adhiambo. Alijua hivyo. Lakini ndiyo hiyo kazi yenyewe, mteja mwanzo mpaka mwisho, na mwezi unaisha, na mzee analia mbele yake. Akafungua diski. Akaenda kwenye fungu la pili kwa vitufe alivyokariri, akasimama mwanzo kabisa, mbele ya neno la kwanza. Je, yuko penyewe? Kidole kikaenda. Safari hii hakukikemea, hata hakukisikia, kilikwenda kwenye pembe kikabonyeza kitufe cha Mzungu kuuliza mstari gani huu. Kimya. Basi akaamini hesabu yake, akaandika sentensi ya mzee, neno kwa neno, akaacha nafasi, akachapa, hakuhifadhi juu ya ile ya kwanza.

Nahashon alichukua karatasi ikiwa bado ina joto, akatafuta jina lake, akaliona. Akamshika Kavinya mkono kwa mikono yake miwili. Karatasi zote zikakunjwa na mzee mwenyewe kwenye kaunta, zikaingia mfukoni, akakimbia. Zedekiah aliporudi akasimuliwa. Akamwambia Kavinya kwamba maneno ya mwisho wa mwezi yamekwisha, kazi ni yake, wala asiwaze tena. Kavinya jioni ile alinunua soda akampelekea jirani yake Mbotela bila sababu yoyote. Alilala kama mtoto.

Jumanne walikuja watatu: Teresiah, Nahashon, na nyuma yao mzee wa kanisa aliyekuwa amesoma wasifu kaburini. Hawakusalimia. Teresiah alitandaza karatasi kwenye kaunta akaibana kwa kiganja.

"Nataka kujua nani alinifuta," akasema.

Mambo yaliyotokea Mwala yalitoka kidogo kidogo. Kule kwao kuna mbuzi wa ntheo, mbuzi ambao mwanamume huwapeleka kwa wazazi wa mke, na bila wao ukoo hauhesabu kwamba ameoa. Matheka alikuwa bado hajawapeleka. Miaka yote waliyoishi pamoja alisema mwakani, mwakani, na ukoo ukamnyamazia kwa sababu mwenyewe yupo na anamwita mke wangu. Sasa hayupo. Teresiah alisimama kaburini ameshika watoto wawili, wasifu ukasomwa kwa kipaza sauti mbele ya kijiji kizima, akangoja jina lake. Likaja la shemeji yake, mahali pake hasa, kisha wakatajwa watoto, kisha wimbo. Ajabu ya watu, waliokuwa wakimpa pole asubuhi walianza kumpita bila kumtazama. Wazee wa ukoo walimwita nyuma ya nyumba wakamwambia hata karatasi yenu ya Nairobi haikujui. Watoto ni wetu, tutawachukua. Wewe uturudishie funguo za nyumba ya Huruma na vifaa vya kuchongea vya mtoto wetu. Kikao kitakuwa Jumapili kanisani Huruma, baada ya ibada, na neno litakuwa la mwisho.

Zedekiah alifungua mikono. Duka linaandika linaloletewa, akaeleza, Mama Koki alileta maelezo, akaja mwenye familia mwingine akaongeza lake, wao hawaingilii mambo ya nyumba za watu. Basi macho yote yakamgeukia Nahashon. Mzee aliapa. Aliapa kwa kaburi la mdogo wake kwamba aliomba kuongezwa, hakuomba mtu kupunguzwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeapa hivyo siku tatu mfululizo na hakuna aliyemwamini.

"Ulikuja peke yako," Teresiah akamwambia. "Jina lako limekaa kwenye kiti changu. Nisadiki nini?"

Kavinya alikuwa kwenye kigoda chake, vidole juu ya kibodi, hatikisiki. Alikumbuka alichoandika, hakugusa neno lolote la mtu. Adhiambo akachukua karatasi akasoma kwa sauti, apate kuelewa naye. Kaka wa Nahashon Muoki wa Kariokor. Akakwama. Akasema hapa kuna kosa, imeandikwa "aba wa Koki na Nzivo." Kavinya akamwomba arudie. Aba. A, b, a. Ile B kubwa ya mbele haipo.

Kavinya akahesabu herufi kichwani, za mzee na za mjane. Yeye hakuandika "aba." Neno lile aliliacha mbele yake likiwa zima. Kuna kitu kilikuwa kinakula, herufi moja kwa kila herufi aliyoandika yeye, kikaila sentensi ya mwanamke huyu yote, na kwa kuwa ya mzee ilikuwa ndefu kidogo, kikaila na ile B. Akajiuliza siku ile alifanya nini ambacho siku nyingine hafanyi. Kidole kikamjibu. Kilikuwa hata sasa kimelala kwenye pembe, juu ya kitufe cha Mzungu.

Angenyamaza. Semeni kweli, nani angejua? Zedekiah amelitetea duka, Adhiambo haelewi, mzee hana wa kumwamini. Karatasi mpya zingechapwa au zisingechapwa, na yeye angebaki na kigoda chake na chumba chake. Na akisema, hakuna njia ya kusema nusu. Akisema, amesema mwenyewe kwa kinywa chake kwamba kipofu hawezi kazi hii. Alisikia kiti kile cha kwa Wangu kikisogezwa kando ya kabati. Alimchukia Teresiah kwa kuja, alimchukia mzee kwa kulia siku ile, aliwachukia watu wasiojulikana waliofunga orodha yao bila kumtazama. Kisha akasikia Teresiah anamwambia mzee wa kanisa, kwa ile sauti ya chini, kwamba lililomwumiza zaidi ni kungoja. Wewe unasoma, mimi nangoja, nasema sasa ndiyo mimi, sasa ndiyo mimi. Kungoja huko Kavinya alikufahamu vizuri kuliko mtu yeyote katika chumba kile.

"Mama Koki," akasema, "njoo huku nyuma utazame. Nafikiri ni mimi."

Zedekiah alimwita jina kwa kumwonya. Hakumsikiliza. Alimwomba Adhiambo diski, wakafungua nakala ya kwanza, ile aliyoikubali Mama Koki, na Adhiambo akasoma: Mume wa Teresiah Ndinda wa Huruma. Yumo. Nahashon akashusha pumzi. Kavinya akasema sasa nitafanya nilivyofanya Ijumaa, hivyo hivyo, nanyi mniambie mnaona nini, kwa sababu mimi sioni. Akaenda mwanzo wa fungu la pili. Akakiacha kidole kiende kuuliza. Mashine haikulia tii wala tuu. Akaanza kuandika: Kaka wa Nahashon.

Akaendelea. Akamsikia Adhiambo akivuta pumzi, akamsikia mzee wa kanisa akitaja jina la Mungu polepole, na nyuma ya bega lake akamsikia Teresiah.

"Linakwenda," Teresiah akasema. "Jina langu linakwenda. Herufi moja moja."

Kavinya akaandika hadi mwisho, akaacha nafasi, na ile B nayo ikaenda. Kisha akawageukia akawaeleza. Kwamba mashine yake ya zamani ilikuwa ikisema. Kwamba kitufe hiki kilikuwa cha kuiambia nisomee. Kwamba kwenye hii mpya, kumbe, kitufe hicho hicho huiamuru kula kila kilicho mbele, na inakula bila sauti. Mzee huyu hana hatia. Hakuna aliyekufuta, mama. Nilikuwa nauliza tu kilichoandikwa.

Nahashon alikaa kwenye benchi la wateja akafunika uso. Baadaye akasema, akimwambia Teresiah na si mwingine, kwamba Jumapili atasimama yeye mwenyewe mbele ya ukoo, na mbuzi wa ntheo wakiwa ndio shida, kaka mkubwa anaweza kuwapeleka kwa niaba ya marehemu. Teresiah alichukua ile karatasi yenye kosa akaikunja.

Ilibaki kuandika upya, zipatikane karatasi za kupeleka kanisani, majina yote mawili yakiwemo. Zedekiah akamwambia Adhiambo akae. Kavinya hakuinuka kwenye kigoda. Hakubisha, hakuinuka tu, na Adhiambo naye akasimama hajui aende wapi.

"Mwacheni aandike," Teresiah akasema. "Mimi nitamsomea."

Akasimama nyuma yake. Kavinya akabonyeza kitufe mara nyingine kukizima, Adhiambo akajaribu herufi moja akathibitisha haili tena, akaifuta, kisha akamwelekeza mbele ya "aba." Kavinya akaandika, na kwa kila herufi iliyotokea Teresiah aliitaja, kwa sauti, karibu na sikio lake. M. U. M. E. Alitaja kama mtoto wa darasa la kwanza, bila haraka. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe aliinama karibu zaidi, akaendelea. T. E. R. E. Neno lilikuwa neno, lilisomwa sawa, "mume" ilikuwa "mume." Kidole kidogo kilitulia mahali pake kipindi chote kile. Hakikuwa na sababu ya kwenda popote. Walipofika kwenye B, Teresiah akasema, "Baba. Sasa ni Baba," na Kavinya akaondoa mikono.

Karatasi zilichapwa. Zedekiah hakupokea kitu. Aliwasindikiza wazee hadi nje, akarudi, akakaa mbele ya Kavinya, na Kavinya akamsaidia kwa kusema yeye kwanza kwamba ameelewa, kazi imekwisha. Zedekiah alisema siku mashine hizi zitakapoanza kusema zenyewe, atamfuata Mbotela kwa miguu. Alimaanisha. Kavinya aliuliza itakuwa lini, na Zedekiah, ambaye hakupenda uongo, akasema hajui. Akainama chini ya meza, akamtoa Mzungu, akazungusha waya, akamfunga kwa gazeti la jana, akampa. Adhiambo alikuwa kwenye meza ya kukunja na hakuwa anakunja chochote.

Nje, kwenye kizingiti, Teresiah alikuwa bado yupo. Alikuwa amengoja. Alimshika Kavinya kiwiko.

"Nimekutajia herufi zangu zote," akasema. "Zako sizijui."

Kavinya alisimama na kile kifurushi kifuani. Watu walikuwa wakipita upande huu na huu, hakuna aliyewatazama. Akafikiri juu ya sebule ya kaka yake, na juu ya kumwomba Wangu kiti kile tena, na atamwombaje. Kisha akamtajia, moja moja. K. A. V. Teresiah akarudia kila moja baada yake, I, N, Y, A, akaliweka pamoja akalisema lote, Kavinya, sawasawa kabisa, bila kulipitisha puani. Akasema Jumapili atalitaja kanisani pamoja na wale waliomsaidia. Kisha akaondoka kurudi Huruma kwa watoto wake, na Kavinya akabaki pale kwenye kizingiti analia waziwazi, na fimbo yake iko ndani, amesahau kuichukua.